Nilivyombeba Nusu ya Mzee Luhende hadi Bondeni

Sikuua mtu. Naanza na hilo kwa sababu tangu nirudi nimesikia mengi. Na yule mzee wa kwenye picha si mume wangu wa siri, kama anavyotangaza Mama Eliza, aliyeniona nikipita Itaka nimefunga uso wa mwanamume mgongoni akadhani amepata habari ya mwaka. Mume wangu alikuwa mmoja, mnamjua, mlikula wali wa harusi yake na makande ya matanga yake. Alinitosha, na siku nyingine alinizidi.

Mmeniuliza kwenye mashine ya kusaga, mmeniuliza kwaya, mmeniuliza bombani huku ndoo imejaa inamwagika. Kila mmoja namsimulia kipande, halafu mnakutana, mnaunga vipande, mnapata hadithi ambayo hata mimi siijui. Kwa hiyo nimekaa nikaandika. Someni wote, kisha mniache nipalilie kahawa yangu.

Yote yalianza na mjukuu wangu Sekela, yule wa Tunduma, wa kamera. Ni mpiga picha wa habari. Si wa harusi, si wa pasipoti. Nilimwuliza kwa nini hapigi harusi kama wenzake, akasema, "Bibi, mimi napiga maisha ya watu."

"Kwani harusi si maisha?"

"Harusini watu wanajipanga. Mimi nawataka kabla hawajajipanga."

Basi anazunguka na lile dude shingoni kama kengele ya ng'ombe, anatafuta watu ambao hawajachana nywele. Na picha hizo zinatundikwa ukutani Dar es Salaam, watu wenye viatu vizuri wanazitazama wameshika kidevu. Hilo nalisema kwa majivuno, msidhani naona haya. Nani mwingine hapa mjukuu wake ametundika kitu Dar?

Mwaka huu alikuwa na kazi bondeni, Momba ya chini, kwa wafugaji wa Kisukuma. Anapiga jinsi wenye ng'ombe na wenye mpunga wanavyogombania maji asubuhi na kukopeshana chumvi jioni. Kazi ilifika nusu, mzee mmoja akamzibia njia. Huyo ndiye Mzee Luhende, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Akamwambia, "Wapiga picha wamekuja hapa kabla yako. Wanatupiga, wanasema asante, wanaondoka nasi. Hatujawahi kujiona. Hii uliyonipiga ilete hapa ikiwa kubwa, yenye kioo, kabla mpunga haujavunwa. Usipoileta usikanyage tena bonde hili, na hakuna atakayesimama mbele ya hiyo kamera."

Sekela akaahidi. Mzee akataka dhamana. Msichana hana shamba, hana ng'ombe, hana mume. Akasema, "Nina bibi, Itaka, anaitwa Tamali. Hasemi uongo."

Hakuniuliza kwanza kama ni kweli.

Na kwa bahati mbaya mzee ananijua kwa jina, maana watu wa bondeni hupanda Itaka kununua maharage kwangu. Hivyo picha ikawa ya Sekela na aibu ikawa yangu. Mpunga ukaanza kugeuka njano. Sekela akanipigia simu: amepata kazi nyingine mpakani, gazeti moja linataka picha za madereva wa malori wanaolala foleni, hawezi kutoka.

"Jina lililowekwa bondeni ni la nani?" nikamwuliza.

"Lako, Bibi."

"Basi nakuja kuichukua mwenyewe."

Itaka mpaka Mlowo, na nguruwe

Nilipanda fuso la maharage. Juu ya magunia tulikuwa mimi, mwanamke mmoja, na nguruwe wake aliyefungwa ndani ya kiroba, kichwa nje. Nguruwe alikuwa na adabu kuliko dereva. Kila kijiji dereva alikuwa na mtu wa kumsalimia, na kila mtu wa kumsalimia alikuwa mwanamke. Anazima gari, anashuka, ananyoosha shati, anapotea nyuma ya nyumba. Sisi huku juu tunaungua.

Kijiji kimoja alikawia mpaka nguruwe akaanza kupiga kelele. Mwenye nguruwe akasema, "Bibi, huyu ana njaa."

"Hapana," nikamwambia, "ana wivu."

Dereva alipotokea akauliza tunacheka nini. Nikamwambia vifungo vya shati lake vimehama, cha juu kimeingia tundu la pili. Tangu hapo hakusimama tena mpaka Mlowo. Mlowo nikapanda Kosta ya Tunduma, na huko sina la kuandika isipokuwa karanga za kuchemsha nilizouziwa dirishani pale Vwawa, zenye chumvi ya kutosha kuhifadhi samaki.

Chapwa, wanakosafisha watu nusu

Sekela amepanga chumba Chapwa, karibu na malori. Msidhani malori mawili matatu. Yamepangana barabarani kama pingili za uti wa mgongo, yanangoja kuvuka Zambia, na madereva wanaishi humohumo. Wanapika chini ya tela, wanafua, wanaanika soksi kwenye vioo vya pembeni. Nilimkuta mjukuu wangu amelala kifudifudi kwenye vumbi lenye oili, anampiga picha dereva mmoja Mzambia anayenyoa ndevu akijitazama kwenye kioo cha lori.

"Sekela, inuka, nimefika."

"Bibi, sogea kidogo, umeingia kwenye picha."

"Basi itakuwa nzuri."

Hakuinuka mpaka yule mtu akamaliza shavu la pili. Sikuwa nimewahi kumwona akifanya kazi. Hasemi kaa hivi, hasemi cheka. Anangoja tu, kama paka mbele ya tundu la panya. Kumbe kazi yenyewe ni kungoja. Hiyo hata mimi naiweza, ila si kwa tumbo.

Chumbani akanitolea picha. Kubwa kama dirisha la jikoni, fremu nyeusi, kioo mbele. Mzee Luhende amekaa mlangoni kwake. Haina rangi, nyeusi na nyeupe tu kama za enzi ya baba yangu. Upande mmoja wa uso kila kitu kipo: mikunjo, kovu juu ya nyusi, na jicho linalokutazama kama linajua ulichokula jana. Upande wa pili giza. Jicho hamna, sikio hamna, shavu hamna.

Mnajua sisi tunasema picha inapelekwa kusafishwa. Nikamwuliza, "Hii wamesafisha nusu wakachoka?"

"Ndivyo ilivyo, Bibi. Ni mwanga wa asubuhi. Nusu yuko nje, nusu yuko ndani. Hii ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga."

"Uliahidi mzee mzima au nusu?"

"Niliahidi picha."

"Jina langu ulilitoa zima."

Akafuta kioo kwa pindo la shati. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Sina nyingine yake, Bibi. Zote zilizobaki amefumba macho. Akiikataa hii, kazi ya bondeni imekufa."

Tukaenda kula kwa mama ntilie. Picha nikaibeba, maana mlango wa Sekela unafungwa kwa kamba ya kiatu. Yule dereva wa ndevu akaja kukaa mezani kwetu, ametakata. Akaiona picha nimeiegemeza kwenye benchi, akavua kofia. "Mulishani, ba mayo," akanisalimia, nikamjibu bwino, na hapo Kibemba changu kikaisha. Akaitazama tena picha, akasema kwa huruma, "Malilo?"

Nikadhani ananiuliza jina. "Tamali," nikamjibu.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniagizia soda. Akachukua samaki kwenye sahani yake akaweka kwenye yangu. Nikasema moyoni, Wazambia ni watu wema ajabu. Soda ilikuwa imefika katikati Sekela aliponinong'oneza kuwa malilo ni msiba.

"Kwa nini hukusema mapema?"

"Ulikuwa unamfurahia samaki, Bibi."

Pale ilinipasa nifikiri. Sisi sote tunajua picha kubwa ya mtu mmoja, yenye fremu na kioo, inasafiri kwa sababu moja tu. Walio hai picha zao zinakaa kwenye simu. Lakini nilikuwa nimeshiba, na mimi nikishiba sifikiri mbali.

Nanyala, msibani kwa wenyewe

Asubuhi Sekela akanipandisha basi la Mbeya ili nishuke Mlowo. Konda akaichukua picha akaiweka mbele, pembeni ya dereva, ikitutazama abiria wote. Akazima muziki.

"Mwanangu, muziki uache," nikamwambia.

"Hapana, mama. Tunaheshimu."

Nyuma yangu walikaa watu wengi wamejifunga kanga, kimya. Basi likinyamaza mimi nalala kama mtoto. Nikalala.

Kuamka, wanawake wawili wamenishika makwapani. "Inuka, mama, tumefika. Jikaze." Nikajikaza, sijui kwa lipi. Nje naona Nanyala. Mlowo tulishaiacha nyuma, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwamsha mfiwa. Na mbele yetu Mzee Luhende anakwenda juu ya kichwa cha mwanamume mmoja, watu wanampisha njia.

"Jamani, ile picha ni yangu."

"Ni yetu sote, mama."

"Huyu mzee hajafa."

"Amina. Hajafa, amelala."

"Yu hai, nawaambia. Yuko bondeni anachunga ng'ombe."

Yule wa kushoto akaanza kulia. "Msikieni, maskini. Anamwona kwenye malisho mabichi."

Kila nilipowaambia ukweli walizidi kunibana makwapa. Tukafika msibani. Kuna turubai, kuna jeneza, kuna meza ya kitambaa cheupe na maua ya plastiki, lakini picha haipo. Walikuwa wanaingoja kutoka kwa mtoto wao wa mjini. Yule mbebaji akamtua Mzee Luhende katikati ya maua. Watu wakaanza kupita wakitikisa vichwa.

"Ugonjwa ulimkondesha," mmoja akasema.

"Lakini kijana ametengeneza vizuri," akasema mwingine. "Kamtia giza upande mmoja, tuone kuwa mwenzetu sasa yuko huku na yuko huko."

Nikaiweka hiyo akilini nimpelekee Sekela. Mtu hajakaa na picha hata dakika, ameshaielewa kuliko mimi niliyeibeba.

Halafu mjane akatolewa ndani, ameshikwa makwapani kama mimi. Mwanamke mfupi, uso umekauka kwa kulia. Akasimama mbele ya meza, akatazama.

"Huyu nani?"

"Ni baba, mama," wakamwambia taratibu.

"Baba wa nani? Mume wangu nimekaa naye tangu sijui kusonga ugali. Hata siku moja hajanitazama hivi."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba kwa kanga. Mwingine akacheka kwa sababu ya yule. Turubai zima likashika, na mjane naye, ameegemea meza, machozi bado yapo. Hapo ndipo nilipopata upenyo, nikasimama, nikaeleza yote: Sekela, kamera, bonde, ahadi. Mjane akanisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani, akatoka na kitambulisho cha marehemu cha kupigia kura. Ndiyo picha pekee aliyokuwa nayo. Akamwondoa Mzee Luhende kwa mikono yake mwenyewe, akakiegemeza kile kikadi kwenye maua. Kauso kadogo kama ukucha, kamekasirika kama tulivyokasirika wote siku ya kuandikishwa. Sasa kila anayekuja kuaga ilibidi ainame mpaka chini ndipo amwone.

Mjane akaniambia, "Afadhali. Hakuwahi kuinamiwa na mtu."

Nilitaka kuondoka, wakakataa nisiondoke na njaa. Wakanipa wali na nyama. Natafuna, nikamwona mtu wa buti za mpira, mnunuzi wa ng'ombe, ndiyo kwanza anafika, ameinama kwenye picha yangu iliyoegemezwa ukutani. "Huyu si Mzee Luhende wa bondeni? Madume yangu mengi yametoka kwake. Kumbe ndiye aliyefariki."

Nilitaka kumjibu, lakini nilikuwa na mfupa mdomoni, tena ule wenye uboho. Nilipoutoa alikuwa ameshapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, simu sikioni, anatikisa kichwa kwa masikitiko. Nikasema nitamweleza akishuka. Alishukia upande wa pili.

Kushuka na wasindikizaji

Nilirudi Mlowo, na hapo nikapata bodaboda mmoja, mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Anajiita Mchungaji, ingawa mdomo wake haukuwa wa kanisani. Tukahangaika na picha. Ikikaa mbele yeye haoni njia, ikikaa kati mimi sipati pumzi. Mwisho akaifunga mgongoni kwangu kwa mipira, uso wa mzee ukitazama tulikotoka.

Tulipita Itaka nimejifunika kanga mpaka puani, maana nikisimama hapa ni chai kila nyumba na mpunga haungoji. Nilijifunika mimi, picha sikuifunika. Mama Eliza alinitambua kwa miguu.

Baada ya Itaka nikasikia pikipiki nyuma. Moja, halafu nyingine, halafu nikaacha kugeuka. Wamewasha taa mchana, wamechomeka majani mabichi mbele, wanakwenda polepole kama tunavyomsindikiza mtu.

"Bibi," Mchungaji akasema, "tuna wasindikizaji."

"Waambie hakuna msiba."

"Nikisimama kwenye mchanga huu hatuondoki tena."

Watu wanatoka mashambani, wanasimama kando ya njia, wanaume wanavua kofia. Nifanye nini? Nikawapungia mkono. Ndiyo asili ya ile habari kwamba Tamali alikuwa anapunga mkono kwenye mazishi.

Tulishuka milima mpaka joto likatupokea. Makalio yangu yalikuwa yamesahau kazi yao. Kisha tairi la nyuma likatoboka, na wale wasindikizaji wakaruka wote kusaidia, wema kabisa, wamejaa vumbi mpaka kope. Nikawaeleza kwamba mzee wa mgongoni ni mzima wa afya.

Wakatazamana. Mkubwa wao akauliza, "Kwa hiyo turudi?"

"Mrudi."

"Bibi, tumeshakuja mpaka huku. Na msibani hakukosi nyama."

"Msiba haupo, mwanangu."

"Mbona shemeji yangu wa bondeni amepiga simu sasa hivi? Anasema huko wameshaanza kulia. Huyuhuyu, Mzee Luhende."

Hapo, jamani, kicheko kiliniisha. Niliufikiria ule mfupa wangu wa Nanyala, nikasema labda ni yule wa buti za mpira. Halafu nikafikiri, na kama si yeye? Wazee hufa. Kama mzee amekufa kweli hajaiona picha, basi ahadi imeoza, bonde limefungwa kwa mjukuu wangu, na Tamali wa Itaka amekuwa mwongo kwa mtu ambaye hawezi tena kumwomba radhi. Kando ya njia mpunga ulikuwa umeinama, wa njano mpaka unaumiza macho. Shamba moja la mbali watu walishaingia na miundu.

"Mchungaji," nikasema, "pandisha upepo twende."

Kwa marehemu

Uani kulijaa watu. Masufuria yako motoni, wanawake wamekaa chini, kanga vichwani. Walipomwona Mzee Luhende akiingia mgongoni kwangu, na pikipiki za majani nyuma, kilio kilipanda mpaka ndama wakakata kamba. Nikasema, basi, amekufa.

Ndipo nyuma ya zizi akatoka mtu mrefu mwembamba, kofia kichwani, fimbo mkononi. "Nyamazeni," akasema. Wakanyamaza wote, hata masufuria nadhani. Kovu juu ya nyusi. Na uso mzima, pande zote mbili, zimekasirika sawasawa.

"Mwadila, baba," nikamsalimia Kisukuma kama Sekela alivyonifundisha.

Hakuitikia. "Wewe ndiye uliyeniua?"

"Mimi ni Tamali wa Itaka."

"Ndiyo. Nimesikia nimeuawa na Tamali wa Itaka. Nimetoka malishoni, nakuta shemeji zangu wamechinja dume langu la mabaka. Nauliza nani kafa, wananikimbia."

Shemeji mmoja, kisu bado kiko mkononi, akajitetea. "Shemeji, tulipigiwa na mtu aliyeiona picha msibani."

"Na mimi hamkuweza kuniuliza?"

"Tungekuulizaje na umeshakufa?"

Wale wa pikipiki walikuwa wameshakaa karibu na nyama. Mchungaji akanifungua mipira, nikashusha picha, mgongo wangu ukalia kama mlango. Nikasema, "Mzee, dume lako nalisikitikia. Lakini uliambiwa Tamali hasemi uongo. Picha hii hapa, na mpunga bado."

"Wa jirani wameanza," akasema shemeji wa kisu, kana kwamba nimemwuliza.

Mzee akageuka kutazama shamba lake. Alitazama kwa makusudi, mnajua wanaume wakitaka ungoje. "Wangu bado," akasema.

Akakaa mlangoni kwake, palepale pa kwenye picha. Akaiweka mapajani, akafuta vumbi kwa kiganja. Watu wote wakamzunguka nyuma. Alikuwa anajiona kwa mara ya kwanza kwa ukubwa ule. Kidole chake kikapita kwenye kovu, kikashuka kwenye shavu, kikafika katikati ya pua, kikasimama.

"Nusu nyingine iko wapi?"

Nikamwambia maneno ya Sekela, mwanga wa asubuhi, nusu nje, nusu ndani. Chapwa yalisikika vizuri. Pale yakasikika kama maneno ya fundi anayekueleza kwa nini stuli yako ina miguu miwili.

"Mjukuu wako alinikuta mzima," akasema. "Mimi sina upele upande huu wala sijakatwa sikio. Hii haijasafishwa. Irudishwe, waimalizie."

"Haimaliziki, mzee. Ndiyo hii tu."

"Basi hajaleta picha. Ameleta nusu."

Nilimweleza kuhusu mtu wa Nanyala aliyesema yuko huku na yuko huko. Akajibu kwamba habari za huko hana haja nazo, ameshapelekwa mara moja bila kuulizwa. Akaanza kunirudishia fremu. Nilinyoosha mikono kuipokea.

"Hebu," akasema mkewe.

Huyo ndiye Mama Kulwa, na tangu nifike alikuwa anakoroga sufuria bila hata kutugeukia. Mwanamke mpana, mkono wenye mwiko. Akafuta mikono kwenye kanga, akaja, akaichukua picha kwangu, akaiweka mbali kidogo na macho kama tunavyofanya sisi wa umri wetu. Akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Luhende, hapa umekaa wapi?"

"Si hapahapa mlangoni."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Ng'ombe wanatoka."

"Sawa. Upande huu wa nje ni wa ng'ombe, na wanunuzi, na hao wenye mpunga mnaogombana nao. Huo kila mtu anaujua. Huu wa gizani ndio unaotazama ndani. Huu ni wangu. Unataka na huu ukatundikwe Dar es Salaam, watu wautazame?"

Wanawake waliokuja kulia walilia kweli, kwa kucheka. Shemeji wa kisu akatafuta pa kutazama. Mzee Luhende alitaka kubaki na hasira yake, niliona anavyoishikilia. Lakini nusu ya uso ikamponyoka, ileile ya kwenye picha. Nusu nyingine sikuiona, alikuwa ameigeuza kwa mkewe.

Akaagiza msumari. Picha ikatundikwa ndani, juu ya mlango, na alimsimamia mwenye nyundo mpaka ikanyooka. Kisha akanitazama. "Mwambie mjukuu wako aje amalize kazi yake. Watu watasimama. Lakini kila atakayempiga amrudishie, kama hivi."

"Atazileta mwenyewe," nikasema haraka. "Mimi nimechoka kuua."

Tukala lile dume. Lilikuwa laini, na marehemu alikula kuliko wote. Jioni nikapanda kichuguu nikampigia Sekela.

"Bibi, ameikubali?"

"Alikufa kwanza."

"Bibi."

"Sasa anakula. Anasema urudi."

Kwenye simu nikasikia malori yananguruma nyuma yake. Halafu nikasikia anapenga kamasi.

Ninavyoandika hivi Sekela yuko bondeni, bila shaka amelala kifudifudi kwenye tope la mpunga. Na wewe, Mama Eliza, kama bado unataka kumwona mume wangu wa siri, panda pikipiki ushuke mpaka kwa Mama Kulwa, utazame juu ya mlango. Nusu utaiona bure. Hiyo nyingine mwombe mwenyewe mwenye mwiko.